Baiskeli Isiyowahi Kuanguka

Haya yote ni kweli tupu. Msimulizi anaapa kwa macho yake mawili, kwa meno yaliyobaki, na kwa brashi aliyochorea mabango ya watu maisha yake yote ya kazi. Hakuna kilichotiwa chumvi, maana daktari amemkataza chumvi. Na ili asionekane anaapa bure kama mlevi, ameweka rehani: akikutwa na uongo hata wa ukubwa wa gololi, yeye, mzee mstaafu asiyewahi kushika pasi tangu kuzaliwa, atapiga pasi mpaka Mama Pasi mwenyewe aseme basi.

Huyo Mama Pasi ndiye mwenye nyumba ya habari hii, yeye na mumewe Bingwa. Msimulizi ni jirani yao ukuta kwa ukuta. Wakipiga chafya kule, yeye husema afya huku.

Mama Pasi alikuwa mpiga pasi katika kiwanda cha kufulia mashuka ya mahoteli na mahospitali. Meza yake ilikuwa ya dirishani, penye upepo, na hakuna mwanamke mle ndani ambaye hakuitamani. Kiwanda kile kilikuwa na sheria yake ambayo haikuandikwa popote na hakuna aliyeisahau: meza hailali tupu. King'ora kikilia na meza haina mtu, huingizwa mmoja wa wanawake wanaosubiri langoni kila asubuhi, na tangu hapo meza ni yake. Ukiugua, unaruhusiwa kuleta mkono wa nyumbani: binti, dada, wifi, yeyote anayekula nawe chungu kimoja. Mkono huo utailinda meza mpaka upone. Mama Pasi hakuwa na mkono. Binti yao aliolewa mbali, mawifi walikwisha kufa, na mume, basi, mume alikuwa Bingwa.

*

Jioni ile Mama Pasi aliingia, akavua viatu, akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa ingawa kiti kilikuwa palepale. Bingwa alikuwa anamenya viazi.

"Basi la wafanyakazi limeondolewa," alisema.

"Limeharibika?"

"Limeondolewa. Msimamizi anasema tajiri anabana matumizi. Kuanzia Jumatatu ijayo kila mtu afike kwa njia yake."

"Na njia yako ni ipi?"

"Ndiyo nakuuliza wewe, baba. Kwa miguu nikitoka gizani, nafika king'ora kimeshalia. Nikipanda magari, ni mawili kwenda na mawili kurudi. Nitakuwa nafanya kazi ili nipate nauli ya kwenda kazini."

Bingwa aliendelea kumenya kiazi kilekile mpaka kikabaki kama karanga.

"Tena yule msimamizi kaniuliza mbele ya wenzangu," mkewe aliendelea. "'Mama, kwa umri huu si ungepumzika tu?' Mtoto yule ningeweza kumzaa nikamsahau sokoni."

"Ukamjibu nini?"

"Nikamwambia shuka aliyovaa harusini kwake kama shati niliinyoosha mimi." Akacheka kidogo. Alitazama upande wa ukumbini, mahali penye giza. "Pale kuna baiskeli."

Bingwa aliweka kisu chini.

Baiskeli ile ilikuwa imetundikwa kwenye misumari miwili tangu binti yao anatambaa. Ilikuwa baiskeli ya mbio ya zamani, ya chuma chembamba, usukani umejikunja chini kama pembe za kondoo dume, kiti cha ngozi kimekauka na kujikunyata kama ndizi iliyosahauliwa juani. Tairi zilikuwa zimepasuka. Mama Pasi alitundika vitunguu upande mmoja wa usukani na ufagio upande wa pili, na buibui walijigawia sehemu zilizobaki.

Mtaa mzima uliijua historia yake, kwa sababu Bingwa hakumnyima mtu. Ujanani alikuwa mwendesha baiskeli wa chama kikubwa cha mbio. Siku ya mbio kuu, alisema, wenzake waliona mgongo wake mara moja tu, pale mwanzo, na hawakuuona tena. Mlimani aliipita treni ya mizigo, na dereva wa treni akavua kofia kwa heshima. Alimaliza na tairi moja isiyo na upepo, wakampa baiskeli ileile iwe zawadi. "Na haikuwahi kuanguka," alimalizia kila mara, akiinua kidole. "Hata siku moja haikugusa chini." Siku ya kwenda kuposa alikwenda nayo ukweni akitembea na kuisukuma, na wakwe walipouliza mbona haipandi, alijibu kwamba baiskeli ya ushindi haipandwi mbele ya wakwe. Wazee walimsifu adabu.

"Ile si ya kwendea kazini," alisema sasa. "Ile ni ya ushindi."

"Ushindi wa kutundikia vitunguu?"

"Imelala miaka mingi, mama."

"Basi iamshe. Wewe si ulisema unaijua kila nati?"

Mwanamume akishasema neno kwa miaka yote hiyo, neno hilo huwa na miguu yake. Humtangulia kila aendako na kumfungulia mlango asioutaka. Bingwa alikwenda ukumbini, akashusha vitunguu, kisha ufagio.

"Nipe wiki," alisema.

*

Alifanyia kazi uani, juu ya gunia, kivulini mwa ukuta. Jirani alileta kiti chake, maana hakuna kazi inayomfaa mstaafu kama kutazama mstaafu mwingine akifanya kazi.

Cha kwanza kilikuwa pedeli. Ya kulia ilitoka kwa nguvu kidogo. Ya kushoto Bingwa aliipiga spana, akaning'inia, akapandisha na mguu, shingo ikamvimba kama ya chura.

"Unakaza," jirani alisema.

"Nafungua."

"Ya kushoto hufunguka kinyume, Bingwa. Niliwahi kuchora bango la fundi baiskeli, nikakaa kwake kutwa nzima. Hata mimi najua."

"Za enzi zetu zilikuwa tofauti."

Alingoja jirani aende kujisaidia, akageuza spana, nayo pedeli ikazunguka kwa wepesi. Jirani aliporudi akaambiwa kutu ndiyo ilikuwa imegeuza mambo.

Nguzo ya kiti iling'ang'ania ndani ya fremu. Waliitilia dizeli, wakailaza na kuiinua, wakaimwagia maji ya moto, wakaisema vibaya. Siku ya pili jirani alikalia fremu, Bingwa akashika mbele, na Mama Pasi, aliyekuwa ametoka kazini na mikono iliyozoea pasi za chuma, akakamata kiti na kuzungusha. Nguzo ilipiga yowe kama mbuzi, ikachomoka, na wote watatu wakajikuta chini.

"Mnaona," alisema Mama Pasi akijifuta vumbi, "kazi ilikuwa inangoja mwanamke."

Yeye ndiye aliyekipaka kiti mafuta yake ya nywele, kila jioni, akikikanda kwa kidole gumba mpaka ngozi ikalainika na kurudia rangi yake ya chai. Gololi za ekseli zilipomwagika na kukimbilia uvunguni mwa kitanda, ni yeye aliyezivuta kwa sumaku ya spika ya redio mbovu, amelala kifudifudi, akimwambia mumewe, "Bingwa wa treni ameshindwa na gololi." Walicheka kwa sauti moja, jambo ambalo ukuta wa jirani ulikuwa umelisahau.

Gurudumu la nyuma lilipepesuka. Bingwa aligeuza baiskeli juu chini, akazungusha gurudumu huku ameshika chaki karibu na rimu, na kila chaki ilipogusa alilegeza spoku moja na kukaza nyingine. Kazi hiyo aliifanya vizuri kweli. Mikono yake ilikumbuka. Jirani alitazama, akawaza kwamba labda mtu huyu ana ukweli mwingi kuliko anavyousimulia, ila si ule anaousimulia.

*

Siku iliyofuata Bingwa alikuwa peke yake na msasa. Mama Pasi alikuwa kazini. Ilikuwa wiki ya mwisho ya basi. Alishuka na msasa taratibu kwenye bomba la chini la fremu, rangi ya zamani ikitoka kama unga, mpaka karibu na shingo, pale bomba linapoungana na sehemu inayobeba usukani na gurudumu la mbele. Hapo msasa ulionyesha mstari. Ulikuwa wa kahawia, mwembamba kama unywele wa mtoto, nao ulilizunguka bomba nusu nzima.

Bingwa hakushtuka. Mtu hashtuki akikutana na anayemjua. Aligonga bomba kwa spana: juu likalia kama kengele, kwenye mstari likatoa sauti ya chungu kilichopasuka.

Yeye hakuwa mwendesha baiskeli. Alikuwa mtunza stoo wa chama. Alijaza upepo tairi za wengine, alikaza spoku za wengine, alisafisha matope ya barabara asizozipita. Siku moja kijana mwenye baiskeli hii aligonga mkokoteni, akavunjika ubavu. Fremu ikapata ufa, na chama kikaitupa kwenye vyuma chakavu. Mtunza stoo akaiomba. Ndiyo zawadi yenyewe hiyo. Miaka yote Bingwa alijiambia kwamba chuma kikipumzishwa sana huenda kikajiunga chenyewe, kama mfupa.

Njia panda kulikuwa na mchomeleaji ambaye angeweza kuliunga bomba lile kwa shaba. Lakini mchomeleaji yule alikuwa na moto mmoja na midomo miwili. Angeuliza ufa umetoka wapi, na kabla chuma hakijapoa mtaa mzima ungejua kwamba baiskeli isiyowahi kuanguka ilianguka, tena na mtu mwingine juu yake.

Jirani aliingia na mkoba wake wa rangi. Walikuwa wamekubaliana ataipaka bluu na kuichora mistari ya dhahabu.

"Nini hapo?" aliuliza.

"Kutu."

"Kutu haina mstari."

"Nimesema kutu. Una puti?"

Jirani alikuwa nayo puti, ule unga mzito ambao mafundi hukanda kuzibia mashimo ya magari na kuta. Alimpa. Alimwamini mwenzake; hilo nalo ni kweli, au liko karibu na kweli. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, lakini hawakusema uuzibe kwa nini. Bingwa alijaza puti, akaisawazisha kwa kisu cha mezani, ikakauka, akapiga msasa mpaka kidole hakikugundua kitu. Jirani akapaka bluu. Juu ya ile sehemu Bingwa alimwomba achore pete nene ya dhahabu, pana kama vidole viwili.

"Pete ya nini hapo?"

"Urembo."

"Kwingine vimistari, hapa pete?"

"Wewe mchora mabango au karani wa kuhoji watu?"

Jirani akachora.

*

Jumapili waliipeleka uwanja wa shule. Bingwa aliipanda kwanza, akazunguka polepole kama mtu aliyebeba mayai, masikio yote yakiwa kwenye bomba la chini. Halikulia. Akajiambia: imeshika. Akarudia kujiambia.

Mama Pasi alikuwa ameendesha baiskeli usichanani, akipelekea watu mikate. Alikunja sketi, akayumba hatua za kwanza, akapiga mluzi kwa woga, kisha mwili ukakumbuka. Alizunguka uwanja, akazunguka tena, akaachia mkono mmoja. Wanawake waliokuwa wakichota maji kwenye bomba la shule walisimama kutazama.

"Mama Pasi, unakwenda wapi na uzee huo?" mmoja aliita.

"Nakwenda kuchukua ujana, niliuacha kwa fundi."

Alipofika kwa mumewe alikuwa anahema, uso umeng'aa. "Baba," alisema, "najiona nimepewa miguu mingine. Kesho msimamizi atanikuta mezani, pasi imeshapata moto." Akakipigapiga kile kiti cha ngozi. "Leo ndiyo nimeuona ushindi wako."

Neno lilikuwa limeshafika kooni kwa Bingwa.  Ilikuwa kazi ndogo tu: mama, kuna ufa, twende kwa mchomeleaji, kesho utachelewa. Lakini kesho akichelewa meza imekwenda. Na akisema ufa, lazima aseme mkokoteni. Akisema mkokoteni, aseme stoo. Na mwanamke huyu, aliyekuwa anamtazama hivi kwa mara ya kwanza tangu nywele zao ziwe nyeusi, angemtazamaje?

"Mteremko wa kiwanda cha matofali," alisema, "ni mkali."

"Naujua. Nitashika breki."

"Shika zote mbili."

"Nitashika zote mbili, Bingwa wangu."

*

Jumatatu, kukiwa bado hakujapambazuka vizuri, Mama Pasi alitoa baiskeli getini. Mfuko wa chakula ulikuwa usukanini. Bingwa alisimama pekupeku na kikombe cha chai mkononi. Mkewe alipanda, akasukuma ardhi kwa mguu, akaenda. Taa ndogo nyekundu ya nyuma ikawa inapungua.

Ndipo dhamiri ilipomshika Bingwa shati. Alitupa kikombe, akakimbia. Alimpita mbwa. Aliipita pikipiki ya muuza maziwa, na mwendesha pikipiki akavua kofia kwa heshima. Alipita kona kwa mguu mmoja. Juu kabisa ya mteremko wa kiwanda cha matofali alikidaka kiti cha baiskeli kwa mkono, akasema, "Mke wangu, shuka, fremu ina ufa, na mimi sikuwa bingwa." Mama Pasi akashuka. Wakakumbatiana, jua likachomoza, wakaisukuma baiskeli pamoja mpaka kazini, wakaingia lango la kiwanda king'ora kikiwa ndiyo kwanza kinavuta pumzi ya kulia. Na huo ndio

*

"Hapo simama," alisema Mama Pasi.

Msimulizi alisimama. Alikuwa anaisoma habari hii kwa sauti barazani kwao, siku ya mapumziko, akitegemea kusifiwa. Mama Pasi alikuwa kwenye kiti, mkono wake wa kulia umefungwa plasta ngumu ya kuunga mfupa kutoka kiwiko hadi vidoleni, umelazwa mapajani kama mtoto wa mtu mwingine. Bingwa alikuwa kwenye ngazi, amejifunga kitambaa kwenye kiganja.

"Huyo wa pikipiki," alisema Mama Pasi, "kofia yake si ndiyo ileile ya dereva wa treni?"

"Shemeji, hadithi nayo inahitaji..."

"Uliapa au hukuapa?"

"Niliapa."

"Basi soma ilivyokuwa. Au nisome mimi?"

Ilivyokuwa ni hivi. Bingwa hakukimbia. Alisimama getini mpaka taa nyekundu ikapotea, akamaliza chai yake, akarudi uani kupangusa spana zilizokuwa tayari safi. Katikati ya mteremko wa kiwanda cha matofali Mama Pasi alishika breki zote mbili, kama alivyoagizwa. Bomba likakatika kwenye pete ya dhahabu. Gurudumu la mbele likajikunja ndani, naye akaruka juu ya zile pembe za kondoo na kutua kwa mkono.

Wafyatua matofali walimwinua. Alifunga mkono kwa kitambaa cha kichwa, akawaachia baiskeli, akatembea. Alifika kabla ya king'ora. Alisimama mezani kwake, akashika pasi kwa mkono wa kushoto, akanyoosha foronya moja na nusu; kisha msimamizi aliona jasho linavyomtoka na vidole vilivyokuwa vimegeuka rangi.

"Mama, nenda kliniki," alimwambia, na safari hii hakuwa na dharau. "Kesho leta mkono wa nyumbani. Usipoleta, unajua mwenyewe."

Alasiri mfyatua matofali aliileta baiskeli kwa mkokoteni, vipande viwili. Mama Pasi alikuwa amekwisha kurudi na plasta yake. Aliviweka vipande mbele ya mumewe, akamwonyesha kwa kidole cha mkono mzima. Pale bomba lilipokatika, nusu ya chuma ilikuwa inang'aa, mpya, iliyovunjika asubuhi ile. Nusu ya pili ilikuwa ya kahawia, imepakwa unga mweupe uliokauka.

"Hii nyeupe ni nini, baba?"

"Puti."

"Ulijua."

"Nilijua."

"Tangu lini?"

Akamwambia yote: msasa, mkokoteni, kijana wa watu, stoo, mbio ambazo hakukimbia. Alisema akitazama chini. Alipomaliza alingoja kilio au tusi, na hakupata hata kimoja.

"Kwamba hukushinda nilijua," alisema Mama Pasi. "Nilijua tangu siku ulipokuja kwetu kuposa. Nilikuwa dirishani. Nikajiuliza, bingwa gani anasukuma? Nikakutazama ulivyoifuta vumbi kabla hujajifuta wewe. Nikasema, huyu ndiye wangu, na uongo wake."

"Na hukusema kitu?"

"Niseme nini? Ushindi ulikuwa wako, udanganye upendavyo, humpunguzii mtu. Lakini ufa haukuwa wako. Shingo iliyokuwa inapanda pale ilikuwa yangu. Huo ulikuwa wa kuniambia."

 Usiku ule Mama Pasi alilala kitanda cha binti yao.

Asubuhi yake Bingwa alitangulia jogoo, akatembea mpaka kiwandani, akasimama kwenye meza ya dirishani, mwanamume pekee kati ya wanawake. Habari ilikuwa imeshafika kabla yake. Wafyatua matofali nao wana midomo.

"Karibu, Bingwa," alisema mwanamke wa meza ya pili. "Leo unashindana na shuka. Angalia isikupite."

"Huyo treni tu ndiyo humvulia kofia," mwingine akadakia.

Aliunguza foronya ya kwanza, akaunguza kiganja kwa ya pili. Msimamizi aliishika foronya juu mbele ya wote, tundu la kahawia katikati, akamwambia, "Mzee, hii hoteli wageni wake hulalia vichwa." Walicheka mpaka wale wa langoni wakasikia. Bingwa aliweka nyingine mezani. Jioni meza ilikuwa bado ya Mama Pasi.

Ndivyo inavyokwenda hadi leo. Daktari hasemi kama vidole vitakunjika tena vyote, anasema tungoje. Baiskeli imerudi kwenye misumari yake, nusu kwenye msumari huu, nusu kwenye ule, na vitunguu vimerudi pia. Mama Pasi amerudi kitanda chake, ingawa bado hulala ameelekea ukutani.

"Sasa hiyo ndiyo kweli," alisema Mama Pasi. "Na kuna nyingine umeificha."

"Ipi tena, shemeji?"

"Uliandika kwamba jirani alimwamini mwenzake. Kutu haina mstari, hayo ni maneno ya nani?"

Msimulizi alitafuta miwani yake, ambayo alikuwa ameivaa.

"Yangu."

"Puti ilitoka mkoba wa nani?"

"Wangu."

"Na pete ile?"

Bingwa aliinua uso kwenye ngazi, akatazama pembeni. Msimulizi aliona hapana pa kupita. Njia ya mwongo ni fupi, na yake ilikuwa imeishia barazani kwa watu.

"Niliona ni ufa," alisema. "Niliuona vizuri kuliko yeye. Nikasema moyoni, ya mtu na mkewe, mimi ni wa rangi tu."

 Mama Pasi akageukia kiganja cha mumewe kilichofungwa kitambaa.

"Kidonda kimevimba, huyu kesho hawezi kushika pasi," alisema. "Na kiwandani wanataka mkono wa chungu kimoja. Wewe si hula kwetu kila unaposikia harufu?"

"Shemeji, mimi mgongo wangu..."

"Uliweka rehani au hukuweka?"

Bingwa alikuwa ameshainuka kuleta mkaa. Waliitandika meza ya kulia chakula blanketi, wakaijaza pasi ya nyumbani moto, na Mama Pasi akatoa shuka yake mwenyewe kabatini, akaitupa mezani ikiwa imekunjamana kama uso wa msimulizi. Akamwonyesha kwa mkono wa kushoto: nyunyiza, vuta upande huu, usisukume, iachie pasi uzito wake. Msimulizi alinyunyiza. Alivuta. Alipita sehemu yote iliyokuwa ikionekana, na pale pembeni, kwenye mkunjo mbaya uliogoma, aliikunja shuka juu yake vizuri, akaipiga pasi hapo juu mpaka ikalala bapa.

Mama Pasi aliikunjua kwa vidole viwili.

"Rudia," alisema.